Kosa la Hoja, Alama Mbili

Kirumba, saa nne usiku. Umeme umekatika,
jirani keshawasha jenereta, mimi nimewasha simu
nikaiegemeza kwenye kikombe imulike madaftari.
Insha arobaini na tatu.
Kalamu nyekundu moja, nayo inavuja.

Jumatatu niliwaandikia ubaoni:
"Jogoo huwika, kisha jua huchomoza.
Basi jogoo ndiye mwenye jua."
Lugembe akauliza, akichinjwa Krismasi
tutalala mpaka Pasaka?
Nikasema, umeelewa.
Kilichotangulia si lazima kiwe kilichosababisha.
Andikeni, mtihani hauna huruma.

Wakaandika.
Huyu anasema mafundi wa Igoma wote matapeli,
kisa mmoja alimshonea sketi ikaishia magotini.
Huyu anajadili nyavu haramu kwa kumjadili Doto:
atajuaje nyavu, na hata kuogelea hajui?
Huyu anataka ama magugu yote yang'olewe ziwani leo
ama Mwanza ihame.
Nikaandika pembeni: hakuna njia ya tatu?
Nikapunguza alama, nikaua mbu, nikafungua jingine.

La thelathini na moja ni la Nyanzobe Shigela,
mwandiko mdogo, umebanana kama dagaa juani.
Swali: Tunga hoja yenye kosa, kisha libainishe.
Ametunga:

"Wachawi wana macho mekundu.
Bibi yangu ana macho mekundu.
Basi."

Baada ya basi ameweka nukta.
Karuka mistari miwili, kaanza kubainisha.

"Kosa la kwanza. Dai la juu halina ushahidi,
limerithiwa tu, kama jembe.
La pili. Hata lingekuwa kweli:
mbwa ana miguu minne, meza ina miguu minne,
na meza haijabweka.
La tatu. Bibi amekausha samaki kwa moshi miaka thelathini
pale mwaloni kwetu, kuni mbichi, kibanda hakina dirisha.
Sababu ilikuwepo. Hakuna aliyeiuliza.
La nne. Bibi alipita kwa Luhende Februari,
ng'ombe wa Luhende wakafa Machi.
(Jogoo, mwalimu.)
La tano. Walisema kila mtu anajua.
Hao kila mtu walikuwa kumi na wawili.
Walikuja usiku."

Swali lilitaka kosa moja.
Mwongozo wa kusahihisha uko wazi:
hoja, alama moja; kosa, alama moja;
ziada haihesabiwi.
Jenereta la jirani likazima, nikasikia mbwa,
nikasikia kwa mbali maji yakigonga mawe,
na nikamkumbuka mtu mmoja kwenye kijiwe cha kahawa
mwaka ule habari ya mwaloni ilipofika mjini.
Wenzake walikuwa wanauliza, kweli au uzushi?
Yeye akapuliza kikombe chake,
akasema, lisemwalo lipo.
Akanywa.

Mtu huyo ana shahada.
Hufundisha mantiki, Jumatatu na Alhamisi,
na kalamu yake inavuja.

Nikatia mbili juu ya mbili.
Kisha nikatafuta penseli, maana nyekundu sikuithubutu,
nikaandika chini kabisa, kwa herufi ndogo kama zake:
Bibi yuko wapi sasa?
Nikaendelea na la thelathini na mbili,
lililosema samaki wote huogelea, hivyo kila aogeleaye ni sato.
Sikucheka. Nilimpa moja.

Alhamisi daftari limerudi.
Chini ya penseli yangu, penseli:

"Mabatini, kwa mama mdogo.
Jikoni tumetoboa dirisha.
Macho bado mekundu, mwalimu.
Sijahitimisha."