Herufi za Kuazima

Mapumziko yangu ni dakika kumi na tano.
Nimekaa juu ya katoni za viatu, ghala namba nne, Yekaterinburg,
na bibi yangu Burulkan yuko Suusamir, malishoni,
mlima mmoja juu ya pale barabara ilipokata tamaa.
Sauti yake inafika. Data haifiki.
"Vijiti vya mtandao viko viwili," anasema,
"cha tatu kinakuja na kuondoka
kama mgeni asiyejua kama kaalikwa."

Simu ni mpya. Mjomba Dooronbek kainunua
kwa bei ya kondoo wawili na nusu;
ile nusu bado anadaiwa.
Laini imo, kifurushi kimelipiwa,
na bado kile kiduara kinazunguka, kinazunguka,
kama farasi aliyefungwa kigingini.

Fungua mipangilio, bibi. Mtandao wa simu.
Shuka. Shuka tena. Jina la lango.
"Lango la nani?"
La kampuni. Bila jina hawakufungulii.
"Hata mbwa wetu ana adabu kuliko hao."

Neno lina herufi nane, za Kilatini.
Yeye alisomeshwa kwa herufi za Kirusi, madarasa saba;
hizi nyingine kaziona kwenye pakiti za sabuni tu.
Basi nikamchorea kwa mdomo:
ya kwanza, fimbo ya mchungaji na inzi juu yake;
ya pili, mlango wa hema letu, ule wa kuinama;
ya tano, shina lililokatwa likachipua upande mmoja.
Nasikia ukucha wake ukigonga kioo.
Nasikia farasi akipuliza pua.
Dakika saba zimekwenda.

Hifadhi. Zima. Washa.
Kiduara.

Tukazipitia upya, moja moja,
kama watu wanaohesabu mifugo jioni,
na hesabu ikatimia: nane, hakuna aliyepotea.
Msimamizi Gennadi akaigonga saa yake kwa kidole.
Ndipo nikauliza: bibi, zote umezitoa
kwenye kibodi ile yenye alama ya dunia?
"Zote, isipokuwa e na t. Hizo ninazo kwangu.
Niazime chumvi ya nini, nami ninayo?"

Nikacheka hadi katoni ikabonyea.
E yetu na e yao, bibi, kwa macho ni pacha.
Simu haina macho.

Kimya. Upepo.
Kisha: "Aa. Kama kondoo jike.
Unamletea mtoto wa mwenzake, rangi ile ile, doa lile lile,
ananusa, anampiga teke."
Ndiyo, bibi. Ananusa.
"Si ungeanzia hapo."

Akafuta nne, akaandika nne. Akakata.
Gennadi alikuwa keshaniita mara mbili
simu yangu ilipotetemeka:
wito wa video, kutoka Suusamir.

Miaka miwili na miezi mitano sijamwona.
Nilitegemea uso. Likaja sikio,
sikio zima, limejaa kioo chote,
hereni ya fedha iliyopoteza jiwe,
unywele mmoja mweupe unapeperuka:
ameiweka simu sikioni, kama simu zinavyowekwa.
"Halo? Mbona sikuoni?"

Nilikuwa na dakika moja ya kumfundisha kuigeuza.
Nikaitumia kutazama.