Mlango wa Kushoto

Usiniambie pampu.
Wawili kabla yangu walisema pampu,
na pampu mbili sasa zimelala chini ya kiti chako
ndani ya gazeti,
zote nzima, zote umezilipia.

Kaa hapo juu ya ringi, mzee Andengenye,
ushike kikombe kwa mikono miwili.
Uyole ya Julai haibembelezi vidole;
spana ya asubuhi hubaki na ngozi ya mtu.
Nieleze ugonjwa, usinieleze dawa.
Linazima wapi?

"Mlimani, sijafika Isyonje,
mifuko kumi na miwili ya mbolea mgongoni.
Linakohoa, linaburuta miguu, linakata.
Nikikaa robo saa nikililaani, linawaka
kana kwamba si lenyewe."

Nikaandika kwenye daftari: huwaka likipumzika.
Nikapigia mstari.
Fileta iliyoziba haizibuki kwa kuonewa huruma.

Hata hivyo nilikagua,
maana mkono usiokagua hudanganywa na mdomo.
Ufunguo nusu: kule nyuma mbu akalia
sekunde mbili, akanyamaza. Pampu ipo.
Nikachomoa bomba, nikakinga petroli kwenye chupa ya soda,
nikaiweka pale ukungu ulipopasuka.
Maji yangezama, yangejitenga chini
kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji.
Hayakuwepo.
Tone kiganjani, nikapuliza: likakauka, likaacha baridi tupu,
bila ule utelezi wa mafuta ya taa.
Basi hata sheli hawakukuchakachulia.
Nozeli zinatema ukungu mwembamba.
Plagi zina rangi ya mkate ulioiva.

Gwamaka, utingo, mtoto wa dada yake,
alisimama mbali na sisi, karibu na barabara.
Hakuna aliyempa chai.

Nikarudisha kila kitu, nikawasha, nikakanyaga.
Dakika kumi. Ishirini.
Kuku wa jirani walihama.
Kisha kile kikohozi,
na yule mbu wa nyuma sasa analia kwa uchungu,
sauti nyembamba, ya kuishiwa.
Likakata.

Nikakimbilia tangi.
Kifuniko sikukiona.
Niliona nailoni ya mfuko wa mbolea,
juu yake mpira wa tyubu, mizunguko mitatu,
juu yake waya,
juu ya waya kufuli dogo la begi.

Nani kafanya hivi?

Mzee alitazama ndani ya kikombe.
"Mafuta yalikuwa yanapungua," akasema.
Gwamaka alitazama malori ya Tunduma.

Nikakata waya.
Gari likavuta pumzi, ndefu, kwa ndani,
kama mtu aliyetolewa kichwa kwenye pipa la maji,
na ubavu wa tangi uliokuwa umebonyea
ukarudi mahali pake: ko!
Tulisikia sote watatu.

Mafuta yakitoka lazima kitu kiingie, mzee.
Pampu inafyonza, hewa haina mlango,
na injini inakufa kwa kiu tangi likiwa nusu.

Sikusema zaidi. Nikalala chini, mgongo kwenye udongo wa baridi.
Bomba la kurudishia mafuta lilikuwa na ufa,
mfupi kuliko kucha, unaolia tone moja,
kimya,
halafu tone jingine.
Kwa mwezi ni lita ngapi? Sikupiga hesabu.
Midomo ya Gwamaka ilikuwa inapiga.

Kifuniko kilichotumika, chenye tundu lake: elfu nane.
Bomba la mpira, shubiri moja. Klipu mbili.
Mzee alilipa bila kubishana bei,
na hilo kwa mtu wa kwetu ni maneno mengi.
Kufuli alilisahau juu ya benchi. Sikumwita.

Mlango wa kushoto wa pikapu ile haufunguki kwa nje.
Gwamaka alishaweka mguu kwenye tairi, apande nyuma kwenye mifuko,
alipomwona mjomba wake amejinyoosha,
amelala karibu nusu ya kiti,
anahangaika na kitasa kwa ndani.