Karatasi Iliyokunjwa Mara Nne

Wewe utakayeipokea,
mwenye koti jeupe, au chaki, au daftari la mahudhurio,
shikamoo kama umenizidi umri. Kama sivyo, marahaba.
Aliyekupa ni mwanangu Nsajigwa.
Hajakudharau. Anakutazama sikio
kwa sababu macho ya watu, aliniambia,
yanasema mengi mno kwa pamoja.

Nilianza kuiandika usiku, koroboi ikifuka,
mvua ya Tukuyu inapiga bati
na yeye yuko uvunguni, blanketi mpaka utosini.
Mchana ule walimchapa shuleni:
asiyesikia la mkuu huvunjika guu.
Mwalimu, mtoto huyu anasikia.
Anasikia la mkuu, na nzi wa dirishani,
na chaki yako inavyokwaruza,
na mvua ikiwa bado huko juu Rungwe.
Vyote vinaingia kwa mlango mmoja
na mlango hauna bawabu.

Wino wa kijani ni wa Mwalimu Atuganile,
aliyempokea darasa la tatu:
*Kengele yetu ni rimu ya lori.
Kila ikilia alikimbilia migombani.
Nikampa nondo, agonge yeye.
Hakimbii tena. Kelele unayoijua saa yake
si kelele ile ile.
Shule nzima sasa tunakwenda kwa saa ya Nsajigwa.*

Hapa palipochanika ni zahanati.
Saa nne kwenye benchi, watoto wanalia,
akajing'ata mkono mpaka damu,
mlinzi akatutoa nje akinong'ona mapepo.
Siku ya pili muuguzi Tumpe aliandika pembeni,
wima, maana nafasi ilikuwa imekwisha:
*Aje saa moja, kabla ya foleni.
Sema kabla hujamgusa.
Usimwambie sindano haiumi. Inauma, naye hasahau uongo.
Mwambie inauma mpaka tano,
halafu uhesabu tano za kweli.*

Jina la hali yake nililipata ana miaka kumi na minne,
Mbeya, hospitali ya rufaa.
Daktari alilitamka taratibu, usonji,
kama mtu anayekukabidhi yai.
Nikalibeba hivyo hivyo mpaka nyumbani,
nikalitua mezani,
na bado hakutaka maharage yaguse ugali.
Majirani walikuwa na majina yao.
Siyaandiki, wino ni ghali.

Penseli hii ni ya Mwakatobe, msimamizi wa kituo cha chai:
*Mama, nilimkataa mwezi mzima, nakiri.
Mimi hupiga kelele: pima, funga, beba, wahi!
Manne kwa pumzi moja, naye anasimama kama mti.
Sasa naandika ubaoni, moja chini ya jingine.
Mzee Asegelile kaja kunishika mkono.
Kumbe sikio lake la kushoto lilikufa zamani.
Miaka kumi na moja alikuwa anabahatisha.*

Jana nilitaka kuinakili upya, imechakaa mikunjo.
Nikakuta chini kabisa, herufi kubwa, zimenyooka
kama mistari ya mashamba ya chai:

MIMI NI NSAJIGWA.
MZANI WA PILI UNAZIDISHA GRAMU AROBAINI.
NILISEMA JUMATATU.
KARATASI HII INANIELEZA MIMI.
NINYI HAMNA KARATASI.
NAWAKISIA TU, KILA SIKU, WOTE.

Nilikaa nayo mpaka chai ikapoa.
Kisha nikaigeuza upande mweupe
na kuanza, mkono hauna uhakika:
Mimi Gwantwa, mama yako,
sipendi kuulizwa kitu ninapowasha moto.
Nikinyamaza, si kwamba nimekasirika.
Nikicheka sana mbele ya wageni,
nimechoka. Nipeleke nyumbani.