Mtungi Umehama

Friji yenyewe ni ya mtumba, ilivuka Malaba kwenye lori la vitunguu.
Hadi leo, ukifungua mlango ghafla,
kitunguu ndicho kinachokusalimu kwanza.

Niling'oa rafu zote.
Nikaingiza mapipa mawili ya chuma,
na nyuma yao, juu ya kile kibago cha kompresa,
nikausimamisha mtungi wa gesi,
mnene, wa kijivu,
kama shemeji aliyesema anakuja kwa siku mbili.

Nyafwono akasimama na maziwa mkononi.
"Na haya?"
Nikamjibu, hayo yana chai yake, yachemshe.

Wiki ya kwanza sikulala.
Jioni geji ilisoma sitini,
alfajiri thelathini na nane.
Nikapaka sabuni kila kiungo, nikapiga magoti sakafuni
kama mtu wa toba, nikingoja povu linishtaki.
Povu halikusema kitu.
Obbo, anayechomelea mageti kule karibu na reli, akacheka:
"Hujaibiwa. Gesi imejikunyata kwa baridi tu.
Hata wewe ukinyeshewa unapungua."

Mama yangu aliposema mtungi
alikuwa na maana ya ule wa udongo,
ulezi ukichacha peke yake bila kuamrishwa,
maji ya moto yakiongezwa, mirija mirefu ikiingia
kama miguu ya buibui.
Haukuwa na geji.
Shinikizo ulilisikia kwenye sauti za wanywaji.

Kisha mama mkwe akarudi kutoka hospitali ya Mbale
na kikasha kisichozidi pakiti ya majani ya chai:
chupa tatu za insulini.
Zikae baridi, zisigande.
Nyafwono hakusema neno. Alifungua friji,
akautazama mtungi,
akanitazama mimi,
akautazama mtungi.

Nikaenda kuazima drili.

Lakini ubavu wa friji una mshipa uliofichwa.
Utoboe huo, inakata roho papo hapo,
unabaki na kabati lenye taa.
Obbo akaja na nusu chupa ya waragi. Nikatoa glasi.
Akaipita glasi,
akaikoroga waragi na unga wa muhogo,
akaupaka ubavu wote kama fundi wa lipu,
akawasha kompresa.
Tukakalia ndoo, tukingoja.
Mama mkwe akadai kiti, hakutaka kupitwa.

Polepole, katikati ya uji ule mbichi,
mstari ukaanza kukauka,
mweupe, ukashuka, ukapinda, ukarudi juu,
mshipa wa moto ukijiandika wenyewe.

"Toboeni pale," akasema mama mkwe,
akinyoosha kidole chenye alama za sindano.
"Pale hakuna kitu. Mimi nimetafutwa mishipa mwaka mzima,
najua panapokosekana."

Tukatoboa pale.

Sasa mtungi uko nje, umefungwa mnyororo ukutani
usije ukamwangukia mtu,
na dirisha la jikoni halifungwi,
maana gesi hii haina harufu wala hodi.
Mpira mwembamba unapita tunduni.
Geji imerudi sitini, na mchana wa jua kali hupita hapo.
Pale ulipokuwa mtungi pana maziwa,
kikasha, nyanya mbili, na ndimu ambayo hakuna anayekiri kuiweka.

Jumamosi Obbo huja kudai waragi yake, nikamlipa kwa bia.
Mama mkwe hanywi. Huomba tu nifungue bomba kidogo,
asikie ile shhh.
"Ehe," husema, "hiyo imepata mshipa."

Umeme ukikatika usiku, zamani niliamka kwa ajili ya pombe.
Siku hizi naamka vilevile,
naenda gizani peku,
naubana mlango wa friji kwa mgongo
na kusimama hapo,
nikiuhesabia ubaridi uliobaki.