Karani wa Mlangoni

Langoni, saa nane usiku. Mashine imezimika mara ya saba.
Shee Famau kalalia kibodi; mie nasoma
mabaki ya kumbukumbu, mstari kwa mstari,
kama achambuaye mchele wenye mawe.

Kiini cha mfumo hakina kosa.
Mwenye kosa ni karani
tuliyemweka mlangoni aandike kila apitaye:
kaandika, kisha kaandika kuwa kaandika,
kisha na hilo nalo kaliandika,
hadi daftari likafurika, nyumba ikaanguka.

Nimeongeza neno moja: usijifuate.
Nawasha.
Inaamka. Nangoja saa nzima, ya pili,
haizimi.

Mwadhini anakohoa kwenye kipaza sauti.
Simwamshi Shee bado.
Yule karani, ni yeye aliyemwajiri.