Chombo Kimoja

Jumanne, baada ya isha, Bwanakheri alitoa
funguo tatu mfukoni, akazipanga mkekani
kando ya bakuli la viazi vya rojo.
Akasema: Kimoja. Viwili vyengine viende.
Yadi ya makontena Changamwe ilikuwa imemlipa
mwezi wa mwisho, kwa bahasha isiyotiwa hata gundi.

Niliuangalia kwanza ufunguo wa Korola,
ule wa kichwa cheusi kilichotafunwa na Nargis
alipokuwa akiota meno.
Gari hilo lilinitoa Kongowea likanileta Kuze
na mapambo ya harusi yakining'inia viooni.
Gari hilo lanywa petroli kama mgeni asiyejua
kwamba birika ni la watu sita.

Pikipiki, alisema shemeji yangu Mbwana,
mlangoni, viatu mkononi, hata hajakaa.
Pikipiki hupenya. Makupa ikifunga,
wewe ushafika zamani, wanywa kahawa.
Nikamuuliza: Na gunia la unga nilibebe kichwani?
Na mtoto? Na mvua ya mwezi wa tano,
ile isiyonyesha bali humwagwa kwa ndoo?
Akavaa viatu.

Tukabaki na hesabu.
Nikalichukua daftari la Nargis, la Sayansi,
nikapiga mstari ukurasa wa nyuma.
Bima. Leseni. Mafuta. Fundi Shee wa Bondeni,
ambaye kila akifungua boneti hutoa pole kwanza
kama aliyekuja matangani.
Korola ikashindwa upande wa pesa,
ikashinda upande wa moyo,
na moyo haukuwa na safu katika daftari lile.

Tuktuk iliingiza mia nane siku njema,
mia tatu siku ya kawaida,
na siku polisi wakiwa na njaa, haikuingiza kitu.
Lakini Bwanakheri, karani wa miaka kumi na tisa,
aliyezoea kalamu mfukoni mwa shati,
hakutaka kusema kwa mdomo wake
kwamba ataiendesha yeye.
Na yule kijana Riziki tuliyemkodisha, tutamwambiaje?
Aliuliza hilo la Riziki mara tatu.
Nilijua halikuwa la Riziki.

Saa nne Bi Tima, mamake, akatoka chumbani
ameshika ukuta.
Hakuuliza bei ya petroli. Alisema:
Ile ya magurudumu matatu
naingia bila kuliinua hili goti.
Lile gari lenu hunikunja kama barua.
Nilipanda kwa heshima ya mwanangu tu.
Akanywa maji, akarudi kulala.

Miaka minne tumempeleka Makadara kwa gari,
kila Alhamisi, kwenye foleni ya sukari,
tukijiona tumemtunza,
na hatukuwahi kumuuliza.

Korola iliondoka Jumamosi na mtu wa Mtwapa
aliyeng'ang'ania apunguziwe elfu mbili
kwa sababu kiyoyozi kilipumua moto.
Pikipiki aliichukua Mbwana, kwa mkopo
ambao sote twajua jina lake ni zawadi.
Chini ya kiti cha nyuma nilikuta uzi wa kikuba,
maua yake yamekuwa unga.
Riziki alirudisha ufunguo wake mwenyewe,
akamwonyesha Bwanakheri breki ilipo laini,
na kituo gani wenziwe hawapendi mgeni.

Jumatatu alfajiri nilimsikia akiipangusa kioo
muda mrefu kuliko kioo chenyewe.
Akaiwasha. Ikakohoa, ikashika.
Bi Tima alikuwa ameshaketi nyuma,
buibui amelikusanya magotini,
ingawa siku ile haikuwa Alhamisi
wala hakuwa na pa kwenda.
Nizungushe mpaka Mbaraki unirudishe, alimwambia.
Na usinipunguzie. Nitalipa kama watu.

Kalamu ilikuwa bado mfukoni mwa shati.