Kosa Lililokosa

Chumba cha mazoezi, Wete. Madirisha mawili,
moja halifungi. Harufu ya karafuu zilizoanikwa barabarani
huingia bila kunawa mikono.
Kitandani amelala sanamu wa mpira
tuliyempa jina Bwana Radhi,
kwa kuwa umchome utakavyo, hanuni.

Bi Zuwena Mbarouk hafundishi kwa sauti.
Alimpa kila mmoja wetu chungwa na bomba la sindano,
akasema: hili ni bega la mama wa mtu.
Tulicheka. Yeye hakucheka.
Mwisho wa kipindi machungwa yamevimba maji
na hapana aliyetaka kuyala.

Siku nyingine akachora ubaoni herufi ya chuoni,
kijino kitupu, kama kinavyoandikwa mwanzo wa neno.
"Hii nini?"
Kimya.
Akatia nukta chini. "Ba!" tukaitika, watu wazima na ndevu zetu.
Akaifuta, akaitia juu. "Nuni!"
"Mlichapwa kwa nukta hii mna miaka sita,
na hapana mliyemuua."
Kisha akaandika mbili nukta tano.
Akaifuta nukta.
Akaweka chaki mezani, akatoka kwenda kunawa,
akakawia kurudi.

Na hili alilisema mlangoni, kama mtu aliyesahau mwavuli:
"Mgonjwa usimpe jina lake. Mwombe akupe yeye.
Kwetu Pemba mtu akiitwa na mwenye sare huitika,
hata jina likiwa si lake. Ni adabu.
Msimuue mtu kwa adabu yake."

Wodi ya wanawake, saa tatu usiku, umeme umekatika.
Kitanda cha nne, Time Hamad Faki.
Kitanda cha kumi na moja, Time Hamad Faki.
Majina huku hugawiwa kama nguo za marehemu,
kila mjukuu apate lake.
Mimi na insulini, yuniti kumi na mbili,
simu mfukoni ikimulika kupitia kitambaa.

"Wewe ndiye Bi Time Hamad?"
"Naam, mwanangu."
"Wa sindano ya usiku?"
"Naam."
Keshakunja mkono wa gauni.
Sijapata kuaminiwa hivyo, hata nyumbani.

Pamba ya spiriti ilikwisha gusa ngozi,
na ngozi ilikuwa ya baridi, ina vitundu vidogo vidogo,
nikalikumbuka chungwa.
"Bibi, hebu nitajie jina lako lote. Na kwenu wapi."
"Mie Time Hamad Faki, wa Kojani. Mie wa mguu,
nimeteleza kisimani."
"Na sukari?"
"Sukari? Kijiko kimoja tu, mwanangu. Usijisumbue."

Mwenye sukari yake alikuwa wa Kiuyu,
amelala kule mwisho, hajui kwamba anasubiriwa.

Hapana aliyeona. Muuguzi wa zamu alikuwa akitafuta mshumaa.
Bibi wa Kojani alinishukuru
kwa sindano ambayo sikumchoma,
akashusha mkono wa gauni, akageukia ukuta.

Ningeweza kwenda kulala nalo.
Lakini kuna daftari, jalada la kijani, kabatini mwa Bi Zuwena,
na ufunguo hauondoki tunduni.
Humo huandikwa yaliyotaka kuwa yasiwe:
chupa mbili zilizofanana, kitanda kisichoinuliwa ubavu,
kosa lililokosa.
Nilifungua mwanzo, kutafuta namna ya kuanza.
Ukurasa wa kwanza mwandiko ni wake.
Tarehe ya kabla sijazaliwa. Mtoto wa siku nne.
Nukta.
Hilo halikukosa.

Nikakaa na kalamu hadi umeme uliporudi.
Nikaandika saa, nikaandika kitanda,
nikaandika jina mara mbili, yote mawili lile lile,
nikaandika "mimi" pale nilipotaka kuandika "mwanafunzi".
Mwishoni nikatia nukta.
Nikainama kuitazama
kama iko mahali pake.